Je, Ndege Zitenge Safari Zisizo na Watoto? Jibu kwa Mama wa Kisumu

«Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu na nina mtoto ambaye sasa ana miezi minane. Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, tulikwenda Mombasa kwa ndege kuhudhuria harusi ya shemeji yangu, tukabadilisha ndege Nairobi. Kutoka Kisumu hadi Nairobi mtoto alilala fofofo. Katika safari ya pili alitulia vizuri mpaka zikabaki kama dakika ishirini tutue, ndipo akaanza kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Alijinyonganyonga, akawa anajivuta sikio, na nilipompa titi akalikataa. Bwana mmoja aliyeketi nyuma yetu alisema kwa sauti kwamba wenye watoto wachanga watengewe ndege yao, na abiria wengine wakamuunga mkono. Nilitahayari sana, ingawa nikisema kweli, kabla sijazaa nilikuwa na maoni kama yake. Mwezi wa Desemba tunatarajia kwenda Amsterdam kwa baba yake. Je, ni kweli kwamba kuna mashirika yenye safari zisizo na watoto, na je, mashirika yetu yafuate mtindo huo? Jirani yangu ananishauri nimpe mtoto Piriton alale njia nzima; nifanye hivyo? Na je, masikio yake yamedhurika?»

Mama, nimeyasoma maswali yako zaidi ya mara moja, na nitaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua mengine. Ikiwa baada ya kutua mtoto alitulia, akanyonya, akalala usiku ule bila homa, hakutokwa na maji wala damu sikioni, na tangu hapo anageuka ukimwita kama kawaida yake, basi hapana sababu ya kuamini kwamba masikio yake yamedhurika. Alichopata ni maumivu ya kweli, tena makali, lakini ya kupita. Hakuwa mtundu, hakuwa na deko, na wala hakuwa akiiogopa ndege ambayo kwa umri wake hajui hata kama ni ndege.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kijumba kidogo chenye hewa, ambacho wataalamu hukiita sikio la kati. Kijumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, kwa mrija mwembamba ambao muda mwingi huwa umefunga. Ndege inapopaa, hewa iliyomo kabini hupungua shinikizo, na ile iliyobaki ndani ya sikio hutanuka na kujitokea yenyewe kupitia mrija huo bila taabu kubwa. Ndege inapoteremka mambo hugeuka: shinikizo la kabini huongezeka, hewa ya nje hukisukuma kiwambo kiingie ndani, na mrija, ambao sasa kuta zake zimegandamana, haufunguki mpaka misuli ya kaakaa iuvute. Misuli hiyo hufanya kazi tunapomeza au kupiga miayo. Mtu mzima anajua kumeza mate, kutafuna kitu, au kubana pua na kupuliza kidogo. Mtoto mchanga hajui kufanya lolote kati ya hayo kwa makusudi, na zaidi ya hapo, mrija wake ni mfupi, ni mwembamba, na umelala karibu sawa na ardhi, kwa mwinuko wa nyuzi 10 hivi, wakati ule wa mtu mzima umesimama kwa nyuzi 45 hivi. Ukimwangalia ndani ya sikio kwa kimulikio mtoto aliyetoka kuteremka hivyo, mara nyingi utakiona kiwambo kimebonyea na mishipa yake ya damu imetokeza, badala ya ile rangi ya kijivu inayong'aa ambayo tumezoea kuiona.

Dalili ulizozitaja ni zile zile ninazozisikia kwa wazazi wengi: kilio kipya ambacho hakifanani na cha njaa, kujivuta sikio, na kulikataa titi. Kukataa titi ndiko huwachanganya akina mama zaidi, kwa sababu kunyonya ndiyo dawa yenyewe. Sikio likishaziba kabisa, kila mvuto wa kunyonya huongeza maumivu kabla haujaleta nafuu, na mtoto huachia haraka. Ndiyo maana wakati wa kuanza ni muhimu kuliko nguvu ya kubembeleza. Mtoto aliyeanza kunyonya kabla sikio halijaziba huendelea kumeza na mara nyingi hasikii kitu, ilhali aliyecheleweshwa kwa dakika kumi atalia mpaka chini.

Sasa tazama kwa nini alilala kutoka Kisumu hadi Nairobi, kisha akaumia kuelekea Mombasa. Kisumu ipo takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Jomo Kenyatta upo takriban mita 1,620. Kwa hiyo katika safari ile ya kwanza mlitua mahali palipo juu kuliko mlikotoka, na masikio yake hayakuwa na mteremko mkubwa wa kukabiliana nao. Uwanja wa Mombasa uko karibu kabisa na bahari. Huko mliteremka zaidi ya mita 1,500 kwa muda mfupi, na mtoto alikuwa ametulia bila kumeza chochote. Aliyewahi kupanda basi kutoka Kisumu kwenda Nakuru anaijua hali hii kwa kiasi: mnapanda kupitia Kericho hadi Mau Summit, penye zaidi ya mita 2,400, na mkianza kuteremka upande wa Molo masikio huziba, ukameza mate yakafunguka. Tofauti ni kwamba basi hutumia saa kadhaa kwa kazi ambayo ndege huimaliza kwa nusu saa.

Ninayasema haya kabla ya kugusa suala la ndege zisizo na watoto kwa sababu mjadala huo huendeshwa mara nyingi kana kwamba mtoto analia ovyo, wakati wowote na bila sababu. Wapo wanaolia hivyo, nakubali. Njaa, nepi iliyolowa, usingizi uliokatizwa na hewa kavu ya kabini huwachosha. Lakini kile kilio kinachowafanya abiria wageuke kwenye viti vyao huja mara nyingi katika saa inayojulikana, kwa sababu inayojulikana, na kinaweza kuzuiwa.

Niseme sasa juu ya ulichosikia. Si kweli kwamba mashirika makubwa yana safari nzima zilizofungiwa watoto. Yaliyofanywa ni kutenga safu za viti ndani ya ndege ile ile. AirAsia X ya Malaysia ilianza mwaka 2013 kuuza eneo la utulivu katika safu ya 7 hadi ya 14, ambako watoto wadogo hawaruhusiwi kuketi. Scoot ya Singapore ikafuata mwaka huo huo kwa safu ya 21 hadi ya 25, wasiruhusiwe walio chini ya miaka 12, na kwa malipo ya ziada. IndiGo ya India ilitangaza jambo kama hilo mwaka 2016 katika safu ya 1 hadi ya 4 na ya 11 hadi ya 14. Malaysia Airlines nayo mwaka 2011 ilizua gumzo ilipowazuia watoto wachanga katika daraja la kwanza la baadhi ya ndege zake. Habari iliyosambaa zaidi miaka ya karibuni ni ya Corendon, iliyotangaza mwaka 2023 kwamba katika safari zake kati ya Amsterdam na kisiwa cha Curaçao sehemu ya mbele ya ndege itakuwa ya watu wa miaka 16 na zaidi: viti 93 vya kawaida kwa nyongeza ya euro 45 kila upande, na viti 9 vyenye nafasi kubwa kwa euro 100. Bila shaka ndiyo iliyomfikia bwana yule aliyeketi nyuma yako, ikiwa imeshaongezwa chumvi njiani.

Je, mtindo huo unafaa? Jibu langu ni kwamba sehemu ya utulivu katika ndege kubwa ya safari ndefu ni biashara halali ambayo siioni kuwa na ubaya mkubwa, lakini safari nzima isiyo na watoto, hasa kwa njia zetu, haifai na haitekelezeki. Na hata ile sehemu ya utulivu, anayeinunua ajue kwamba ananunua umbali. Ukimya wenyewe hauuzwi.

Sauti haisimamishwi na pazia. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, na ndani ya kabini, ambamo kuta na dari huirudisha, hupungua kidogo kuliko hapo. Mtu aliyeketi safu kumi kutoka kwa mtoto atapata nafuu ya kweli, ilhali yule wa safu ya mwisho ya eneo la utulivu, ambaye nyuma ya kiti chake pana familia yenye mapacha, amelipia pazia. Familia nazo zikisukumwa zote nyuma, watoto hukaa pamoja, na anayefanya kazi katika wodi ya watoto hahitaji kuelezwa kinachotokea mmoja wao akiamka analia.

Tena, kelele inayochosha mwili wa abiria katika safari ya saa nane kwa sehemu kubwa si ya mtoto. Ni ya injini na upepo, ambayo ndani ya ndege kubwa ikiwa angani huwa kati ya desibeli 80 na 85, saa zote, bila kupumzika. Kilio cha mtoto ni kifupi lakini kina nguvu kubwa katika masafa yale ambayo sikio la binadamu huyasikia kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana hatuwezi kukipuuza hata tukitaka. Kuna jambo ambalo wauzaji wa hedifoni za bei ghali hawalitaji: zile zinazofuta kelele kwa umeme huondoa vizuri mvumo mzito wa injini, lakini sauti kali za juu hupita. Mvumo ukishaondoka, kilio husikika wazi zaidi kuliko mwanzo. Vizibo vya sponji vya kutia masikioni, vinavyouzwa kwa bei ndogo katika duka la dawa, hupunguza sauti za juu vizuri kuliko mvumo, na anayeweza kuvivaa pamoja na hedifoni juu yake atapata utulivu mwingi kuliko eneo lolote lililotengwa.

Njoo sasa kwenye ndege tunazopanda sisi. Nyingi kati ya zinazotua Kisumu ni ndogo. Ile ya panga boi aina ya Dash 8-400, kwa mfano, Jambojet huiendesha ikiwa na viti 78, viwili viwili kila upande wa njia. Ukitenga safu tano za mbele umepata viti ishirini vilivyo hatua chache kutoka kwa viti vingine vyote, katika ndege ambayo mapanga yake yenyewe yanavuma, na safari haifiki saa moja. Kutenga safari nzima ni kugumu zaidi. Shirika linahitaji kujaza viti, na majira ambayo ndege za kuja magharibi hujaa ni yale yale ambayo familia husafiri: likizo za Aprili na Agosti, na Desemba watu wanaporudi nyumbani. Safari ya alfajiri ya siku za kazi ndiyo ambayo wafanyabiashara wangependa itengwe, na ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji mama mwenye mtoto anayepelekwa kuonana na daktari wa moyo Nairobi saa nne, au mwenye kuunganisha safari ya kwenda ng'ambo. Mwenye kusema «watengewe ndege yao» ajiulize ni nani atakayeilipia ndege hiyo.

Lipo pia suala la haki, na hapa niliguse kwa ufupi kwa kuwa mimi si wakili. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinaharamisha ubaguzi, na kimeutaja umri miongoni mwa misingi yake. Kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto yapewe uzito mkubwa katika kila jambo linalomhusu. Kumuuzia mtu mzima kiti cha mbali ni jambo moja, na kumwambia mama kwamba safari ya saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuipanda kwa sababu amebeba mtoto ni jambo jingine, ambalo shirika lingelazimika kulitolea sababu nzito. Tayari mtoto haketishwi penye mlango wa dharura, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa sababu yake ni usalama. Usingizi wa abiria mwingine hauna uzito huo.

Hata hivyo, sitaki umchukie bwana yule, ingawa lugha yake haikuwa ya kiungwana. Huenda alikuwa anakwenda kuzika, au alikuwa ametoka zamu ya usiku. Amenunua tikiti kama wewe, na kutopenda kilio cha mtoto wa mwenzako si dhambi. Kama angekuwa yeye aliyeniandikia, ningemshauri aepuke likizo za shule, achague safari ya mapema katikati ya wiki, aketi mbele akiwa katika ndege ya jeti ambako mvumo ni mdogo, na kwenye ile ya panga boi akae mbali na mapanga. Ningemwambia pia kwamba maneno yake hayakuufungua mrija wa sikio la mtoto. Yalimfanya mama yake akaze mikono, na mtoto huihisi mikono iliyokaza.

Kama mashirika yetu yangeniuliza yafanye nini, nisingeanza na mapazia. Ningeyaomba kwanza jambo lisilogharimu hata shilingi: mhudumu awaambie wazazi wenye watoto wachanga kwamba ndege imeanza kuteremka, wakati ule ule rubani anapoanza. Tangazo tulilolizoea, lile la kufunga mikanda na kunyoosha viti, mara nyingi huja wakati masikio ya watoto yameshaanza kuziba. Kungojea tangazo hilo ndiko, kwa maoni yangu, chanzo cha vilio vingi vinavyolaumiwa kwa malezi. La pili ni kuonyesha wakati wa kuchagua kiti mahali ambapo mtoto mchanga ameshawekwa, kama Japan Airlines walivyofanya kwa alama ndogo kwenye ramani ya viti, jambo lililojulikana sana mwaka 2019 na kupingwa na baadhi ya watu walioliona kama kuwanyooshea kidole wazazi. Mimi naliona kuwa la haki kwa pande zote mbili: anayetaka umbali anaupata bure, na mzazi anaketi akijua kwamba aliye karibu naye amechagua mwenyewe. La tatu ni kutoitawanya familia moja katika safu tatu kisha kuiuzia nafasi ya kuketi pamoja. Baada ya hayo, anayetaka kuuza safu za utulivu katika ndege kubwa ya kwenda Ulaya, auze.

Kuhusu Piriton, tafadhali usimpe. Najua ni desturi, na najua jirani yako anakutakia mema. Dawa hiyo ni ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na kwa watoto wengine athari hiyo hugeuka, mtoto akawa hana utulivu kabisa usiku kucha. Dawa za jamii hiyo zinaweza pia kudhoofisha pumzi ya mtoto mdogo, na mojawapo, promethazine, haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu hiyo. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii: mtoto aliyelala usingizi mzito humeza mara chache. Ukimlaza kwa dawa kisha ndege ikaanza kuteremka, ataamka katikati ya maumivu ambayo angeweza kuyakwepa. Dawa za kuzibua pua ambazo watu wazima hutumia hazimfai. Pamba na mafuta ya kutia sikioni hayasaidii pia, kwa kuwa tatizo liko nyuma ya kiwambo, ambako pamba haifiki, na mafuta yanaweza kuleta madhara ikiwa kiwambo kina tundu.

Kwa safari ya Desemba, jipange hivi. Unaponunua tikiti, omba kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya safu za mwanzo. Huwa vichache, hutolewa kwa walioomba mapema, na vina kiwango cha uzito ambacho katika mashirika mengi ni kilo 10 au 11, kwa hiyo mpime kabla hujakitegemea. Chagua safari ya usiku ikiwezekana, ili saa zake za kulala zisivurugike. Mwanzoni, ndege inapopaa, akiwa amelala mwache alale. Ukishaketi, mwite mhudumu kwa upole umwambie: «Tafadhali, nijulishe tunapoanza kuteremka, nataka kumnyonyesha mtoto.» Wengi watafurahi kukusaidia, kwa kuwa na wao ndio wanaobaki na kilio hicho. Kati ya chakula chake na wakati huo acha nafasi ya kutosha ili awe na hamu, maana mtoto aliyeshiba hatanyonya.

Ukijulishwa, mwamshe taratibu, mkalishe akiwa ameinuka kifua na kichwa, mfunge ule mkanda mdogo unaoungana na wako, kisha mpe titi. Akishiba titi moja mpumzishe kidogo, umpe la pili, na baada ya hapo umpe maji kwa kijiko au kwa kikombe chenye mdomo, kidogo kidogo, mpaka magurudumu yaguse ardhi. Kumbuka kwamba uwanja wa Amsterdam uko chini kidogo ya usawa wa bahari, na hewa ya kabini kwa safari kama hiyo huwa sawa na ile ya mlimani penye mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo mteremko wake ni mkubwa kuliko ule wa Mombasa na unaweza kuchukua nusu saa. Usimalize maziwa yote katika dakika kumi za kwanza. Akiwa na miezi kumi wakati huo, atakuwa pia ameingia umri wa kuogopa nyuso ngeni, basi abiria mwema akitaka kumchukua akubembelezee, mshukuru na ubaki naye wewe. Akilia hata baada ya yote hayo, inatosha kumwambia jirani yako: «Samahani, masikio yanamuuma, yatafunguka tukitua.» Huna haja ya kugawa peremende wala kuomba radhi safu kwa safu.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatatua, na kwa hayo mtoto aonwe ana kwa ana. Akiwa na mafua mazito, homa, au amekuwa akivuta sikio katika wiki ya safari, mlete siku mbili au tatu kabla, si asubuhi ya safari, ili masikio yaangaliwe na ujue mapema kama ni busara kuahirisha. Sikio la kati lililovimba au mrija uliojaa kamasi hautafunguka hata akinyonya vizuri namna gani. Ikiwa daktari ataona anaweza kusafiri na mafua mepesi, muulize kipimo cha parasetamoli kwa uzito wake, na kama inafaa kumpa nusu saa hivi kabla ya kuteremka. Matone ya maji ya chumvi puani hayana madhara na husaidia. Baada ya safari yoyote, akitokwa na damu au majimaji sikioni, akipata homa, akiendelea kulia kwa saa nyingi baada ya kutua, au ukiona hageuki ukimwita baada ya siku mbili tatu, usingojee. Kiwambo kilichopasuka hupona chenyewe mara nyingi baada ya wiki kadhaa, lakini ni lazima kifuatiliwe na kisiingie maji.

La mwisho linatuhusu zaidi sisi wa kanda hii ya ziwa na magharibi, ambako ugonjwa wa selimundu, yaani sickle cell, ule wa kurithi unaoathiri chembe za damu, ni wa kawaida na watoto wengi huanza kuonyesha dalili baada ya kutimiza miezi sita. Katika kabini, oksijeni inayofika mapafuni inaweza kupungua kwa karibu robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Mtoto mwenye afya hulivumilia hilo bila shida, lakini mwenye selimundu, au aliyepungukiwa sana na damu baada ya malaria, anaweza kudhurika. Ikiwa kuna mwenye ugonjwa huo upande wako au upande wa baba yake na mtoto hajapimwa, mpeleke akapimwe mwezi huu, hapa Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga au katika kituo chochote chenye maabara inayokifanya kipimo hicho. Nenda na kadi yake ya kliniki na tarehe ya safari, na usome kwanza masharti ya kubadilisha tikiti kabla hujailipia.